Ng'ombe Asiye na Ndama

Mwaka juzi mama alikuja kutoka Njombe kunitembelea huku Marekani, Cedar Hill. Siku ya tatu akachoka kukaa na televisheni. "Nipeleke huko kazini kwako," akasema, "nikamwone huyo bibi yako."

Kazi yangu ni kuhudumia wazee majumbani, na "bibi yangu" alikuwa mjane wa hapahapa Texas, miaka themanini na kitu, mtu wa maneno machache. Nikampigia simu kuomba ruhusa. "Mlete," akajibu, "ila asiguse meza."

Juu ya meza ile ndipo alipopangia picha zake za vipande, zile za kuunganisha kipande kwa kipande mpaka picha ikamilike. Si hizi za karatasi ngumu. Zake zilikuwa za mbao, za zamani, zilizokatwa kwa msumeno mwembamba, na karibu zote zilikuwa za shamba: vijito, mikokoteni, marobota ya nyasi. Maboksi yake hayakuwa na picha juu, kwa hiyo ulipanga bila kujua kitakachotokea.

Mama akasalimia, akaketi, mikono mapajani. Alivumilia labda robo saa. Kisha akanyoosha kidole: "Hilo si wingu. Hicho ni kiwele."

Nikatafsiri kwa woga. Bibi akavaa miwani, akakitazama kipande cheupe alichokuwa akikilazimisha angani tangu Jumatatu, akakishusha chini ya tumbo la ng'ombe. Kikaingia chenyewe. Kisha akamvutia mama kiti mezani.

Kufika saa sita mchana kwenye picha alikuwa ametokea mwanamke anayekamua, na mama akaanza kukasirika. "Ndama yuko wapi? Ng'ombe gani huyu anashusha maziwa bila ndama?"

Nilipotafsiri, bibi alicheka mpaka akakohoa. Kumbe alikulia shambani, na baba yake alikuwa akimfunga ndama pembeni vilevile. "Mwambie mama yako amesema kweli kabisa," akaniambia. Nilikuwa nimemhudumia miaka miwili. Sikuwahi kumsikia akimtaja baba yake.

Mwishoni kikapungua kipande kimoja, kando ya ng'ombe. "Huyo ndiye ndama," mama akaapa. Tukatafuta wote, mimi nimepiga magoti chini ya kochi. Kilikuwa kimenasa kwenye mikunjo ya kitenge cha mama mwenyewe. Tukakigeuza: kuku.

"Basi ndama ameshanyonya, kaondoka," mama akasema, uso mkavu.

Tulirudi naye kila siku wiki ile. Jumapili kaka yangu alipokuja kumchukua aende kukaa kwake Pearland, mama alikuwa amepakata maboksi mawili ya picha za vipande, zawadi ya bibi, hataki yawekwe kwenye buti. Baada ya siku nne kaka akanipigia simu.

"Umemfanya nini mama? Meza yote ameitwaa. Tunakula tumeshika sahani mkononi, na nikitoka zamu hospitali ananiamuru nitafute kona za mto."

"Umezipata?"

"Tatu," akasema, na nikasikia wazi kwamba anajivuna.