Chuma cha Lori Ndani ya Kompyuta ya Mama Mkwe

Mimi ni mtu wa kasi. Nasema mapema, mtu asije akadai nilificha. Duka langu la kutengeneza kompyuta liko Busia, hatua chache kutoka barabara ya kwenda mpakani, na miaka yote niliyokaa humo, mteja akiniuliza achukue mashine gani, jibu langu limekuwa moja: chukua yenye prosesa yenye nguvu kuliko zote. Hata kama ni ya kuandikia barua ya kuomba kazi. Mwalimu mmoja aliwahi kuniuliza barua itafaidika vipi na hiyo nguvu yote, nikamwambia asinifundishe kazi.

Kwa hiyo mama mkwe alipohitaji kompyuta ya kutunza mayai, nilifurahi kupita kiasi.

Mama mkwe anaishi Butula. Ana sanduku la mbao la kuangulia vifaranga, linalopashwa joto na taa ya mafuta, na amelitia chumbani mwake mwa kulala kwa kuwa ndicho chumba pekee chenye sakafu ya simiti na kufuli. Mayai si yake peke yake. Kikundi chao cha kanisani kina wanawake kumi na wawili, na kila mmoja huleta mayai kumi yaliyotiwa alama ya penseli ili yajulikane ni ya nani. Mara ya mwisho alienda matanga, taa ikazima, akarudi akakuta yote yamepoa. Hakuna aliyemgombeza. Walimwambia tu, "Ni sawa, mama," kwa ile sauti ya watu ambao kwao si sawa hata kidogo. Jumapili iliyofuata alikaa benchi ya mwisho kabisa. Akamwambia mke wangu kwamba atajaribu mara moja tu, na yakiharibika tena anaacha kikundi na kanisa anahama.

"Hayataharibika," nikamwambia mke wangu. "Mwambie mama yako amepata mkwe."

Kulikuwa na shida moja. Mimi ni Mteso wa Chakol na wao ni Waluhya, lakini kwa jambo hili pande zote mbili zinaelewana vizuri: mkwe haingii chumba cha kulala cha mama wa mke wake. Hata kungekuwa na moto humo, nafikiri tungeshauriana kwanza. Hatushikani mikono. Nikiwa na kitu cha kumpa, nakiweka mezani, narudi nyuma, ndipo anakuja kukichukua. Kompyuta yangu basi ingefanya kazi mahali ambapo sitakanyaga maisha yangu yote, tena mahali pasipo na stima, kwa betri ya pikipiki na paneli moja ya sola.

Nikachagua nilivyozoea kuchagua. Nilichukua bodi ndogo yenye ukubwa wa kitambulisho, prosesa yake ina viini vinne, kama bongo nne ndani ya kichwa kimoja, inaweza kuonyesha sinema huku ikipakua nyingine. Nikaifungia skrini. Nikaifungia kamera ili mama aone mayai kwa simu akiwa kanisani. Pale dukani, kwa stima, ilipaa. Siku niliyoihamishia kwenye betri ya pikipiki na paneli juu ya paa langu, mawingu yakaja kutoka upande wa Uganda, na kabla ya saa sita mchana wa siku ya pili ilikuwa imezima. Nikagusa ile prosesa, nikaunguza kidole. Nikailaumu betri. Nikanunua betri nyingine, ikazima tena, nikalaumu mawingu.

Mke wangu alikuja dukani akanikuta nikiitukana paneli.

"Hebu niambie," akasema. "Hii mashine inatakiwa kufanya nini hasa?"

"Kupima joto kila dakika. Kuzungusha mayai mara chache kwa siku. Joto likishuka, ipige kelele."

"Hiyo si kazi ya kuku?"

"Ni ya kuku."

"Na kuku ana ubongo wa ukubwa gani?"

Nilikasirika, kwa sababu mimi ndiye mwenye duka. Halafu nikakaa chini. Kuku hufanya hiyo kazi akiwa amesinzia. Hafungui kamera, haonyeshi sinema. Na mimi nilikuwa nimempa kazi ya kuku injinia wa viini vinne, nikamlisha betri mbili, halafu nikashangaa mbona ana njaa.

Kwenye droo ya chini nilikuwa na chipu ambazo nilikuwa nikizidharau, za wanafunzi wa chuo wanaojifunza. Nikatoa moja, ndogo kama ukucha wa kidole cha mwisho. Haina skrini, haijui sinema, lakini inajua kulala. Inaamka, inawasha taa ya kijani, inapima joto, inazima taa, inalala tena dakika nzima, na ikiwa imelala haili karibu chochote. Niliifunga kwa betri ileile na kuitoa paneli kabisa. Wiki ikaisha, bado inaamka na kulala. Nilikuwa nikiiangalia nikiwa na aibu kidogo, kama mtu aliyemfukuza mfanyakazi bora bila kumjaribu.

Nikaitia ndani ya kijisanduku cha plastiki. Siku ya soko mama mkwe akaja Busia kuichukua. Nikaiweka kwenye kaunta, nikarudi nyuma mpaka ukutani. Akaiinua kwa mkono mmoja, akairusharusha kiganjani.

Hapo inafaa ujue kwamba mama mkwe aliuza redio na tochi sokoni Busia kabla sijamjua binti yake. Na watu waliouza vitu vya mpakani wana mzani mkononi. Hawasomi maandishi ya boksi. Kitu kikija, wanakipima kwa kiganja: kizito ni orijino, chepesi ni feki, kwisha maneno.

"Mkwe," akasema akitazama mlangoni, maana hatutazamani usoni. "Hii iko tupu."

"Haiko tupu, mama. Ni ndogo tu."

"Nimeuza redio, mimi. Kitu ya maana inavuta mkono chini. Hii hata upepo inaweza beba." Akairudisha kwenye kaunta polepole, kwa heshima, jambo lililoniuma zaidi. "Mayai ni ya watu."

Akaondoka, ikabaki pale. Mke wangu alinitazama, nami nikatazama dari.

Sasa nitasema nililofanya. Niliwahi kumfukuza dukani mtu aliyeniletea pawabanki zilizojazwa mchanga ili ziwe nzito. Nilimwita mwizi hadharani, watu wakanipigia makofi. Naam, mimi huyohuyo nilipanda pikipiki hadi Malaba, kwenye foleni ya malori, nikamtafuta fundi wa breki na kumwomba kipande cha chuma.

"Cha gari gani?" akauliza.

"Cha kompyuta."

Alinipa bure. Nafikiri alinihurumia.

Nikatafuta kijisanduku kikubwa zaidi, nikagundisha chuma upande mmoja na chipu upande wa pili, nikafunga. Siku ya soko iliyofuata, mama mkwe alipokiinua, mkono ulishuka.

"Sasa hii ni mashine," akasema, na kwa mara ya kwanza nikamwona akitabasamu, ingawa alitabasamia kalenda ya ukutani. Mke wangu alienda Butula akaipigilia msumari ukutani juu ya sanduku la mayai, akaunganisha waya tatu za betri na mota ya kuzungusha mayai kama nilivyomwonyesha, mayai mia na ishirini yakaingia, siku zikaanza kuhesabiwa. Ni ishirini na moja.

Siku ya kumi na tatu, asubuhi, mvua ikinyesha, simu ikalia.

"Mkwe, imeanguka."

Mke wangu alikuwa shuleni anasimamia mtihani, simu imezimwa. Nilifunga duka mteja akiwa ndani, nikamfungulia atoke, nikapanda boda. Njia nzima hadi Butula nilikuwa nikiona ile benchi ya mwisho kanisani.

Nilipofika, nikazunguka nyumba hadi dirisha la chumba chake na kusimama nje, mgongo ukiwa umelielekea dirisha, nisije nikaona nisichotakiwa kuona. Mbele yangu kulikuwa na ng'ombe amefungwa chini ya mabati. Maelekezo yote niliyotoa asubuhi ile niliyatoa nikimtazama ng'ombe.

"Mama, taa ya mafuta inawaka?"

"Inawaka. Mayai nimegeuza kwa mkono. Lakini mashine imepasuka."

"Ndani unaona nini?"

Mvua. Ng'ombe akanitazama.

"Naona chuma."

Nikafumba macho.

"Chuma kubwa," akaendelea. "Mkwe, hii inakaa ya lori."

"Hiyo weka kando, mama."

"Si ndiyo mashine?"

"Hapana."

"Basi mashine iko wapi?"

"Kuna kitu cheusi, kidogo, kama ukucha."

Nikasikia akipekua. "Hii? Hii hata nikipuliza inaenda!"

"Usipulize, mama! Tafadhali usipulize!"

Hakupuliza. Nikamwambia waya nyekundu irudi kwenye shimo la kwanza, nyeusi la pili, ya manjano la tatu, akaze kwa ncha ya kisu. Mikono iliyofungua redio miaka ile ilikuwa bado inajua. Mara akapiga kelele ya furaha: taa ya kijani imewaka. Kisha ikaja kelele nyingine mbaya zaidi.

"Imezima! Imekufa! Uwi, mayai ya watu!"

"Haijakufa. Imelala. Ngoja."

"Ningoje nini?"

"Dakika moja."

Sijawahi kuona dakika ndefu kama ile. Shati limenigandia, viatu vimejaa maji, na rohoni naomba chipu ya wanafunzi isiniaibishe. Nilimsikia mama mkwe akipumua kwa nguvu upande wa pili wa ukuta. Alikuwa analia, nikajua, na nilitamani kulia pia.

"Imeamka," akasema taratibu. Na mota ikaguruma, ikazungusha mayai.

Nikamsikia akihesabu mayai, yeye ndani, mimi nje.

"Yamevunjika manne," akasema baadaye. "Yangu. Nilikuwa nimeyaweka kona hiyo. Chuma ndiyo imevunja. Kile kidogo hakijavunja kitu."

"Pole, mama."

"Sasa chuma ilikuwa ya nini?"

Ningeweza kudanganya. Sikuwa na nguvu. "Nilitaka uiamini," nikamwambia ng'ombe.

Baadaye mlango wa jikoni ukafunguka, akaweka kikombe cha chai kizingitini, akarudi ndani, nikaenda nikakichukua.

Siku ya ishirini na moja alinipigia simu. Aliiweka simu karibu na sanduku tu. Dukani kulikuwa na mteja anayebishana nami akitaka prosesa kubwa kuliko zote, nikamwekea simu sikioni asikie vifaranga wakilia. Hakuelewa. Sikuwa na haja aelewe.

Jumapili iliyofuata mke wangu alirudi kutoka Butula na kikapu. Juu kulikuwa na jogoo mzima aliyefungwa miguu, kama anavyopewa mkwe wa heshima. Akaniambia mama yake ameketi benchi ya mbele, na kwamba mwanamke mmoja wa kikundi alikiinua kijisanduku kipya, nilichotengeneza bila chuma, akasema hiki mbona chepesi hivi, hakina kitu.

"Mama akamjibu nini?"

"Alimwambia akiweke chini, kimelala."

Nikamtoa jogoo. Chini yake, kwenye gazeti, kulikuwa na kile chuma cha lori, kimeoshwa na kupakwa mafuta kisishike kutu.

"Anasema hiki ni chako," mke wangu akasema. "Anasema ukitaka akuamini tena, usimwekee uzito. Mwambie tu."