Selotepu Kwenye Katuni za Bosi

Mwanangu alimwambia rafiki yake wa Nairobi kwamba mzee ana gazeti la zamani la katuni za kutisha, na yule kijana akafunga safari hadi kwangu kulinunua. Siku hizi wanayasaka, alisema. Nikamletea. Alipoona selotepu alilirudisha mezani polepole, akamaliza chai yake, akaenda. Sikushangaa. Uso ule niliwahi kuuona kwa mwingine, Riyadh.

Mimi nilisoma hadi darasa la tatu na sioni haya kusema. Nyumba hii ya mawe niliijenga kwa usukani, si kwa kalamu, na watoto wangu wote wanne walipita pale nilipoishia. Nilienda Saudia nikiwa na mvi tayari, miaka ile maajenti walikuwa wakibeba watu Nairobi kama gunia za viazi. Bosi wangu alikuwa mtu mpole. Kilichonitisha kwake ni yale magazeti.

Yalikuwa ya Kizungu, ya zamani. Kwenye jalada maiti anatoka kaburini na funza machoni. Ndani, watu wanakatwa vichwa. Aliyafungia kwenye chumba yenyewe tu, kila moja na mfuko wake wa plastiki, AC ikinguruma mchana kutwa. Mimi chumbani kwangu nilikuwa na feni. Aliniambia yaliachwa na Wazungu waliokuja kufanya kazi ya mafuta, watu wakayatupa.

"Yalikuwa takataka, ammi. Sasa kila mtu anayataka."

Ammi ni kama kusema baba mdogo. Aliniita hivyo kwa kuwa nilimzidi umri, na nilipenda. Alikuwa anashindana na mtu wa Kuwait na mwingine wa Beirut, na bei niliyosikia siku moja ingeninunulia ng'ombe wa gredi na ndama wake.

Kulikuwa na gazeti moja alilolitafuta kuliko yote. Utotoni alikuwa nalo, baba yake akalichoma uani huku yeye akitazama. Sasa amelipata jingine kama lile, nalo linakuja na mengine kumi, ndani ya shehena ya fanicha, bandari ya Jeddah.

"Niletee salama," akaniambia, "na karatasi yako ya likizo naisaini siku hiyo hiyo."

Karatasi hiyo nilikuwa nimeiomba mara tatu. Kule hutoki nchini bila kafili wako, mwajiri aliyekudhamini, kukubali. Na nyumbani mke wangu alikuwa amelazwa, figo. Binti yangu alikuwa akipiga simu kila Ijumaa: "Baba, mama anauliza unakuja lini." Namwambia karibu. Hiyo karibu ilikuwa na miezi mitano.

Basi nikaenda Jeddah, boksi nikalipata bila shida. Lakini breki za gari zikaanza kulia, fundi akasema nirudi kesho. Nikalala mtaa wa Bani Malik kwa mtu wa kwetu, mlinzi wa godauni. Asubuhi yake nikafungua boksi nihesabu kama yote yapo.

Nilihuzunika. Majalada yalikuwa yamechanika, pini zimeshika kutu, pembe zimeliwa. Nikasema moyoni, kumbe ndiyo maana anayatia kwenye plastiki, yanamfia mkononi. Sasa hapa mnielewe. Kila Januari mimi na mke wangu tulikaa mezani na vitabu vya watoto. Yeye anapima karatasi ya kaki, mimi nakata. Alinifundisha kubandika selotepu kuanzia katikati, unaisugua kwa mgongo wa kijiko mpaka hewa yote itoke. Kitabu kilichoraruka kilikuwa aibu ya nyumba.

Nikashuka dukani nikanunua selotepu, kaki, wembe na stepla. Nikang'oa pini za kutu nikatia mpya. Kingo nikazinyoosha kwa wembe. Yule mlinzi alitoka kuoga akasimama mlangoni.

"Mzee, hizo jini usiziweke karibu na sufuria yangu."

"Ni karatasi tu."

"Karatasi? Huyu si ananiangalia, bana!" Kisha akaona kaki. "Woi! Unavalisha mashetani yunifomu?"

"Kwani shetani asiende shule?"

Tulicheka sana. Hicho ndicho kicheko changu cha mwisho Saudia.

Riyadh nilimwekea bosi mezani yote kumi na moja, yamevaa, yamenyooka. Nilisimama wima kama siku ya kukabidhi nyumba. Akatabasamu, akavua kaki ya lile lake la utotoni. Tabasamu likakauka. Akagusa selotepu kwa ukucha, ikabanduka na rangi ya jalada.

"Nani kafanya hivi?"

"Mimi, bosi. Kwa mikono yangu."

"Unajua umefanya nini?"

"Nimetengeneza."

Hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Alivua kaki zote moja moja, akaketi, akaniambia niende.

Siku ya tatu aliniita. "Sawag," akasema. Maana yake dereva, basi. Akanipa karatasi. Kiarabu sikijui kukisoma, nikaipeleka mtaa wa Shumaisi kwa Mkenya mmoja aliyesoma madrasa, nikiwa na furaha, nikamnunulia na soda. Akaisoma mara mbili.

"Mzee wangu, hii si ya kwenda na kurudi. Hii ni ya kutoka moja kwa moja. Halas, kazi imekwisha."

Nikarudi kwa bosi. Nilimwambia mke wangu amelazwa, hospitali inalipwa na mshahara huu.

"Niliahidi kusaini," akasema. "Nimesaini." Kisha akanitupia lile gazeti lake. "Mara ya kwanza moto. Mara ya pili wewe. Lichukue, halina kitu tena."

Nililichukua. Mtu mwingine angelikataa, lakini kazi yangu mimi siiachi kwa mtu anayeidharau.

Nilimkuta mke wangu hai, mikono imebaki mifupa. Nilimwekea gazeti kitandani. Alimtazama yule maiti, akasema, "Huyu ana afya kuliko mimi." Halafu akapitisha kidole kwenye selotepu, kutoka juu mpaka chini, taratibu, kama alivyokuwa akikagua za watoto.

"Hujaacha hewa," akasema.

"Si ulinifundisha."

Akalisogeza gazeti pembeni. Mashine ya mgonjwa wa jirani ililia, muuguzi akaja akaizima.

"Na kazini," akauliza, "unarudi lini?"

Nikamwambia, karibu.