Barua ya Posa na Gari Lililogonga Kilimani

Nianze na upumbavu wangu, maana msipousikia kwangu mtausikia kwa majirani. Asubuhi ya safari nilichukua dumu la njano stoo nikamimina lote kwenye tenki la gari, juu ya petroli kidogo iliyokuwa imebaki. Stoo kulikuwa na madumu mawili ya njano: moja la petroli, la pili la mafuta ya taa ninayowashia vifaranga wapate joto. Nilikuwa na mafua, pua imeziba, sikusikia harufu yoyote. Mama Deo, jirani yangu, alikuwa anafagia upande wa pili wa ua.

"Baba Anita, hilo si la vifaranga?"

"Mama Deo, mambo ya magari tuachie wenye magari," nikamjibu, nikafunga kifuniko cha tenki kwa madaha.

Mimi si mtu wa safari. Gari langu linajua njia mbili tu hapa Mabawe, ya kanisani na ya sokoni, na zote linarudi kabla ya chakula cha mchana. Lakini mdogo wangu Leonsi alikuwa anaposa Biharamulo. Mara ya kwanza wajumbe wetu walikwama kwa mvua, wakafika wazee wa binti wameshatawanyika. Safari hii tuliambiwa wazi: saa saba mchana barua iwe mezani, vinginevyo kuna familia nyingine inasubiri kusikilizwa. Leonsi alikuwa hali wala halali. Kwa hiyo tukatoka mimi na baba mdogo Simoni, yeye ameshika bahasha nyeupe kwa mikono miwili kama padri anavyoshika Ekaristi.

Saa mbili na nusu tulikuwa tunapanda mlima kuelekea Kasulo. Ukungu ulikuwa unajinyanyua bondeni polepole, vilima vinatokea kimoja nyuma ya kingine hadi upande wa Rwanda, nami nikajiuliza nimekaa miaka yote hii nyumbani nikitazama nini. Nikakanyaga mafuta. Injini ikajibu: ko-ko-ko-ko, kama kokoto kwenye kopo.

"Ni nini hicho?" akauliza baba mdogo.

"Barabara, baba."

"Barabara ni ya lami."

Nikawasha redio. Nilipoachia mafuta sauti ilinyamaza, nilipokanyaga ikarudi, na kadiri mlima ulivyozidi ndivyo ilivyozidi. Baada ya Nyakahura msitu ulitufunika pande zote mbili, malori ya masafa marefu yakitupita yakinguruma, makubwa kama nyumba, nami nimejibanza pembeni nikienda mwendo wa baiskeli. Baba mdogo alizima redio mwenyewe. "Tusikilize tunachokufa nacho," alisema.

Saa tano kasorobo tukaingia Lusahunga, mahali malori yanapopumzika. Tulielekezwa kwa fundi mmoja, Nestori, mtu mwembamba mwenye ovaroli ambayo rangi yake ya kwanza hakuna anayeikumbuka.

"Shikamoo mzee," akamwambia baba mdogo. Kisha kwangu: "Inagonga wakati gani?"

"Nikikanyaga. Hasa mlimani."

"Ukiachia?"

"Inanyamaza."

"Tangu lini?"

"Leo."

Alipima oili kwa kijiti chake, akaridhika. Akatazama maji ya rejeta. Akachukua bisibisi ndefu, ncha akaiweka kwenye injini inayounguruma, mpini akauweka sikioni, akafumba macho. Malori yalipiga honi, redio za vibandani zililia, yeye akasikiliza kana kwamba dunia nzima imetoka nje na kufunga mlango. Sijawahi kuona mtu akisikiliza namna ile. Baba mdogo hata kofia alivua.

"Vyuma vizima," alisema. "Chuma kikifa kinagonga hata gari limesimama. Hapa mafuta yanawaka kabla ya wakati wake, pistoni bado inapanda. Umeweka mafuta gani?"

"Petroli," nikasema kwa ujasiri.

Alichomoa mpira wa mafuta, akakinga kidogo kwenye kifuniko cha chupa. "Nipeni karatasi safi. Za kwangu zote zimelewa oili."

Garini karatasi safi ilikuwa moja tu. Baba mdogo alinitazama, akatazama jua, akatoa barua, akamkabidhi fundi bahasha tupu. Nestori akadondosha tone moja kwenye kona. Tukainama wote watatu. Petroli, alisema, ingeruka na kuacha karatasi kama ilivyokuwa. Tukasubiri. Doa likakauka katikati, lakini duara la mafuta likabaki linang'aa pale pale.

"Hii ni ya taa," alisema Nestori. "Umeiwekea injini chakula cha koroboi."

Nikawakumbuka vifaranga. Nikamkumbuka Mama Deo na ufagio wake.

Alifungua nati chini ya tenki, akamwaga yote, akasafisha plagi, tukaweka petroli ya kituoni. Kisha akapanda nasi hadi kilima cha kwanza. "Kanyaga," akasema. Nikakanyaga nikiwa nimefumba jicho moja. Kimya. Gari lilipanda kama linavutwa na kamba kutoka juu, na mimi, mtu mzima, nilihisi machozi.

"Likigonga tena usishindane nalo," alisema akishuka. "Punguza mafuta, rudisha gia. Ungelazimisha mpaka Biharamulo, ungetoboa pistoni."

Saa saba kasoro dakika kumi tuliketi mbele ya wazee. Baba mkubwa wa binti alipokea bahasha, akaisogeza puani.

"Mbona posa yenu inanuka koroboi?"

Baba mdogo akanigeukia. Nikasimama nikaeleza yote: dumu, mafua, redio, hata jibu nililompa jirani. Bibi wa binti akacheka hadi akashika ukuta. "Huyu hajui kuficha kitu," akasema. "Someni barua." Wakasoma. Wakakubali.

Tulilala huko, tukarudi kesho yake, na kila mlima niliupanda redio ikiwa imezimwa, kwa raha ya kusikia tu. Nilichojifunza ni kidogo: kunusa dumu, na kusikiliza injini na watu wanaofagia.

Mama Deo alinisubiri uani. Nikamweleza habari njema, naye akasema:

"Mke mmepata, lakini vifaranga watatu wamekufa kwa baridi, na dumu nilikuonyesha."