Imekubali Fasi Gani?

Ipo siku moja kule Juru, katika kambi ya wakimbizi ya Nakivale, ambayo haijanitoka akilini, mwanangu. Nakusimulia leo kwa sababu nimesikia umeanza kujifunza lugha mpya ya kuandikia programu, na hata chakula unakisahau. Unavyofurahi sasa ndivyo nilivyofurahi mimi, na sitaki kukupunguzia furaha hiyo.

Nilikuwa kijana. Kamati ya maji ilinikabidhi vikasha vitatu vya kielektroniki, kimoja kwa kila tangi. Maji yakiingia tangini, kikasha kilipaswa kupiga king'ora ili akina mama walioko mashambani waje kuteka. Programu niliyoikuta ilikuwa ya lugha ya zamani. Ilivuruga kumbukumbu ya mashine, na kila baada ya siku chache kikasha kiliganda. Maji yalikuja kimya, na mama wa mbali alifika yamekwisha.

Basi nikajifunza lugha mpya peke yangu, ukurasa kwa ukurasa, nikiandika daftarini nilichokielewa na kilichonishinda. Lugha ile, mwanangu, ililikamata kosa la kumbukumbu kabla programu haijaanza kazi! Ilinionyesha mstari wenyewe na kunieleza sababu. Nilijiona nimepata mwalimu asiyechoka. Niliandika programu yote upya mjini Mbarara, katika karakana ya fundi Tumwine, aliyeniachia meza na umeme. Ilipokwenda juma zima bila kuganda, niliruka.

"Imekubali!"

"Ssebo, bwana, pole pole, utavunja meza yangu," Tumwine alisema akicheka. "Lakini hiyo ni laptopu. Boksi za Nakivale ziko sawa na hii?"

"Programu ni ile ile," nilimjibu, na tayari nilikuwa mlangoni nikiita boda.

Hapo ndipo nilipokosea. Vikasha vile vililetwa kwa nyakati tofauti, na kila kimoja kilikuwa na chipu ya ukoo wake. Programu iliyotafsiriwa kuwa lugha ya chipu za ukoo mmoja haisomeki na ukoo mwingine. Mimi nilifuta programu ya zamani katika vyote vitatu kabla ya kujaribu hata kimoja, tena bila kuweka nakala. Niliona aibu kuitunza. Kikasha cha kwanza, chenye chipu kama ya laptopu yangu, kikalia vizuri. Cha pili hakikuamka kabisa. Cha tatu kilikuwa na chipu ambayo lugha mpya haikuwa bado na mtafsiri wake.

Mama Nzigire, mwenyekiti wa kamati, alinikuta nimechuchumaa kwenye tangi la tatu. Maji yalikuwa yamekuja na kwisha. Nyuma yake walisimama akina mama wenye bidoni tupu, madumu yao ya maji.

"Bahati, ulisema imekubali. Imekubali fasi gani?"

"Kule Mbarara, mama. Na kwenye tangi la kwanza."

"Na huyu wa huku, ulimuulizaka?"

Nilitikisa kichwa kuwa sikumuuliza.

"Ku kanisa, siku ya ndoa, pasta anaulizaka bwana, kisha anauliza bibi. Haandike 'bibi amekubali' juu bwana alisema ndiyo. Weye umeoa batatu na umeuliza mumoja!"

Akina mama walicheka mpaka bidoni zikagongana. Nami nilicheka, masikio yakiniwaka. Kisha Mama Nzigire akaacha kucheka.

"Bibi ya mutoto wangu, muke wake, iko na mimba. Leo amekuja hapa mara mbili, amerudia na bidoni tupu. Kitu chako kipya ni kizuri, sikikatai. Lakini uliza kila mumoja."

Siku nne nilikaa na daftari langu, nikaiandika upya kwa kukumbuka ile programu ya zamani kwa ajili ya tangi la tatu, makosa yake nikiyarekebisha kwa mkono. Kwa tangi la pili nilirudi Mbarara, nikaitafsiri programu mpya kwa ukoo wa chipu yake, nikaijaribu kwenye kikasha chenyewe. Siku ving'ora vyote vitatu vilipolia, nilimwona yule mkwe wa Mama Nzigire akitembea taratibu, mkono mmoja tumboni, na mbele yake mumewe amebeba bidoni zilizojaa. Nilipiga kelele kuliko nilivyopiga Mbarara. Na lugha mpya ilipopata mtafsiri wa chipu ile ya tatu, nilihamia kwa furaha, nakala ya zamani ikiwa mfukoni.

Kwa hiyo, mwanangu, kimbilia kipya; mimi bado nakikimbilia. Ila andika orodha ya kila mashine itakayokibeba, ijaribu kila moja mahali inapokaa, na usifute cha zamani mpaka mashine ya mwisho iitike. Ukitaka kusema "imekubali", taja kwanza fasi.

Mungu akupe macho ya kuona kosa mapema na moyo wa kulicheka, na kazi ya mikono yako isimrudishe mtu nyumbani na bidoni tupu.