Besi ya Kidole Gumba

Mpaka leo naikumbuka siku ile Ata Nakiru aliruka akatua vibaya, mwanangu, na gita la besi lilikuwa mkononi mwangu. Ata ndivyo sisi Waturkana tunavyomwita nyanya, ingawa hakuwa nyanya yangu wa damu. Yeye ndiye alikuwa anawaongoza akina mama wa kwaya yetu hapa Isiolo, na akianza kuruka unasahau umri wake.

Kaunti ilikuwa changa wakati huo. Mpiga besi wetu alipata kazi ya serikali, akapelekwa Garbatulla, gita likabaki limeegemea ukuta. Kiongozi wa kwaya alikuwa Mwalimu Kirimi, Mmeru mwenye duka la simiti na mabati. Akaniambia, "Wewe kijana wa Ngaremara, chukua hii. Lakini Pentekoste ikifika kama hujaweza, tutapiga besi kwa kinanda." Nilifurahi hadi nikakosa usingizi. Sikuwahi kutaka kitu vile nilivyolitaka lile gita.

Shida ilikuwa kidole. Nikichunga ngamia wa watu kule Sericho, kamba ya kisimani ilinivunja kidole cha kati cha mkono wa kulia, kikapona kikiwa kigumu. Na kwa simu nilikuwa naangalia jamaa mmoja anayechapa nyuzi kwa vidole viwili, cha shahada na cha kati, kwa zamu, mbio mbio, bila pengo. Nikajiambia besi inapigwa hivyo, basi. Nikafunga kidole bandeji, nikakilazimisha. Noti moja inatoka kubwa, inayofuata haisikiki. Mimi nikaona dawa ni kuongeza noti! Jioni mkono unauma mpaka kwenye kiwiko, na sisemi kwa mtu, maana niliogopa kunyang'anywa gita.

Sasa, wewe unajua akina mama wetu wanavyoimba. Wanaruka pamoja, wanatua pamoja, vumbi linapanda. Siku hiyo ya mazoezi nilijaza noti hata pale walipokuwa hewani. Ata akasikia mlio, akadhani ndio wa kutua, akaukata mruko, mguu ukapinda. Akaketi chini ameshika kifundo. Nilitamani ardhi inimeze.

"Lete huo mkono," akasema. Akafungua bandeji, akakibonyeza kidole, nikapiga yowe. "Wee! Hiki kilikufa zamani, na ndicho unakibebesha kazi? Sisi tukiruka tunangoja utuonyeshe mahali pa kutua. Wewe unatupigia kelele tu. Huna vidole vingine?"

"Lakini Ata, besi inapigwa hivi. Nimeona kwa simu."

"Huyo wa kwa simu anaruka na sisi?"

Watu wakacheka. Mimi sikucheka. Akaapa haruki tena mpaka asikie besi anayoweza kuiamini.

Kesho yake nikaiacha ile ya simu. Nikalaza kiganja juu ya nyuzi, karibu na pale zinapofungwa, nikachapa kwa kidole gumba peke yake. Mlio ukawa mfupi, mzito, wa kukatika mapema. Mwanzoni niliuonea aibu, nikaona kama ni wa mtu asiyejua. Lakini nikakaa nao. Noti, nanyamaza, noti, nanyamaza, nikisikiliza kama zimelingana. Baadaye kidole cha shahada kikajifunza kuvuta uzi kutoka chini pale wimbo unapotaka haraka. Nikaacha kutumia nguvu, kwa sababu kelele ni kazi ya spika. Polepole mkono ukaacha kuuma.

Pentekoste ikafika. Ata alikuwa benchi la mbele na fimbo yake. Mguu ulikuwa umepona, ila msimamo wake ni ule ule. Wimbo ukaanza, na mimi sikuangalia vidole, niliangalia miguu ya akina mama. Wakipaa, nanyamaza. Wakitua, gumba linashuka. Ubeti wa pili Ata akalaza fimbo chini ya benchi, akaingia mstarini, akaruka. Aki mwanangu, pale alipokuwa hewani niliogopa sana. Nikangoja. Akatua pamoja na noti yangu. Nililia mbele ya kanisa lote na sikuona haya, na Mwalimu Kirimi hakutaja kinanda tena.

Jana nimekuona umeegemeza simu ukutani, kidole umekifunga. Ndiyo maana nakuchosha na hadithi hii. Waangalie wale wa kwa simu, chukua kinachokufaa, lakini usikopi mkono wa mtu. Tafuta mlio ambao mkono wako unaweza kuutoa sawasawa kutoka mwanzo wa ibada mpaka mwisho, hata ukiwa mfupi, hata ukiwa wa gumba. Mkono ukiuma, acha, na useme. Kuficha maumivu kutaumiza mwingine, mimi niliona.

Mungu akutunzie vidole vyako, pamoja na kile kitakachokukataa. Akupe subira ya kunyamaza watu wakiwa juu, na kila atakayeruka ukiwa na besi, atue salama.

Haya, lete huo mkono tuifungue hiyo bandeji.