Mshika Pointi na Wifi Yake

Meza yangu na meza yake zilitazamana miaka sita, kwa hiyo haya ninayoyasema sikuyaokota barabarani. Mimi nilikuwa najibu malalamiko ya wanachama, yeye alikuwa anashika pointi. Tulimwita Mizani, na jina hilo alilipenda kuliko alivyotaka tujue.

Tovuti yetu ni ya watu wanaoandika programu za kompyuta. Mtu akikwama anauliza swali, wenzake wanamjibu, na jibu zuri linapigiwa kura. Kila kura ni pointi kumi. Muulizaji akilikubali jibu lako, unaongezewa kumi na tano. Ukifika elfu mbili unaruhusiwa kusahihisha maandishi ya wengine, ukifika elfu kumi unaweza kufunga swali la ovyo, na ukifika elfu ishirini unaingia kwenye orodha ya vigogo, ambako ndiko tunakochukua mtu tukihitaji mfanyakazi. Mtu wa nje anaweza kucheka. Na acheke. Mimi nimeletewa barua ya kurasa nne na mwanamume mzima, baba wa watoto watatu, kwa sababu ya pointi tano alizopunguziwa, na ukurasa wa mwisho ulikuwa matusi matupu.

Mizani ndiye aliyeutunga upya mpango wote alipoajiriwa. Hesabu ya kura, kikomo cha pointi mia mbili kwa siku, programu inayowanasa marafiki wanaopigiana kura, vyote vilitoka kichwani mwake, katika kile chumba chetu cha ghorofa ya tatu chenye feni inayokoroma. Hata kanuni iliyokuja kumuumiza aliiandika yeye mwenyewe: mfanyakazi wa tovuti hana pointi. Kabla ya kuajiriwa, enzi za mpango wa zamani, alikuwa nazo elfu kumi na nane, za jasho lake. Siku alipoiandika kanuni hiyo alizifuta kwa mkono wake, sisi tukampigia makofi. Tangu hapo, kando ya jina lake kulikuwa na sifuri.

Alisema haimsumbui. Nami nilimwamini, mpaka alipotokea wifi yake.

Namaanisha mke wa kaka yake, si wifi ya intaneti, ingawa Mizani alizoea kusema kwamba afadhali ile ya intaneti, maana hukatika mara kwa mara. Mwanamke huyo alikuwa muuzaji katika duka la dawa, duka likafungwa, akabaki nyumbani. Akaanza kujifunza programu kwenye kompyuta kuukuu ya mumewe. Swali lake la kwanza kwenye tovuti yetu lilikuwa bovu kiasi kwamba Mizani alilifunga palepale na kuandika chini yake, "Halieleweki." Mwingine angenuna. Yeye aliandika, "Asante, wifi," mbele ya watu wote, akaliandika upya.

Mwaka mmoja na nusu baadaye alikuwa anajua, na kibaya zaidi, alikuwa anakumbuka machungu ya kutojua. Akawa anawajibu wanagenzi, wale ambao vigogo wetu hawana muda nao. Mtu anauliza kwa nini programu yake haifunguki, vigogo wanamwambia akasome kwanza. Wifi anamwandikia, "Umefika wapi mpaka sasa? Nionyeshe, tuangalie wote." Kura zikamiminika. Kuna wiki nzima aligonga kikomo cha mia mbili kila siku kabla ya saa sita mchana.

"Anajibu vitu vyepesi," Mizani akaniambia, macho kwenye kompyuta.

"Vyepesi kwako."

"Ningekuwa naruhusiwa kujibu, hayo maswali yake ningeyamaliza kabla chai haijapoa."

"Si unaruhusiwa? Unachonyimwa ni pointi tu."

Alinikazia macho mpaka nikarudi kwenye malalamiko yangu.

Kwao mambo yalikuwa mabaya zaidi. Kila Jumapili walikula kwa mama yao, na kaka mtu hakuwa na hadithi nyingine. Hata fundi aliyekuja kuziba bomba aliambiwa, "Mke wangu sasa yuko elfu kumi na tisa." Mama yao, ambaye kuhusu pointi alijua tu kwamba ni kitu kizuri, akamgeukia binti yake.

"Na wewe mwanangu, unazo ngapi?"

"Sina, mama."

"Hata moja?"

"Mama, mimi ndiye ninayezigawa."

Mama akamsogezea bakuli la mboga kwa huruma. "Basi usijali, mwanangu. Na wewe utapata."

Jumatatu alinisimulia kama kichekesho. Nikacheka, kisha nikaona ninacheka peke yangu.

Halafu Alhamisi moja meneja akatangaza kwamba anataka mshika pointi wa pili, kutoka kwenye orodha ya vigogo, na maombi yanafungwa Jumatano inayofuata. Wifi alikuwa na elfu kumi na tisa, mia sita na arobaini. Zilibaki mia tatu na sitini, yaani siku mbili za kazi yake ya kawaida. Tangu duka la dawa lifungwe alikuwa hajapata kibarua, na nafasi kama hii hutokea kwa nadra. Kaka mtu alipiga simu akiwa amejaa furaha, nikamsikia mpaka ng'ambo ya meza: ukoo mmoja, washika pointi wawili!

Mizani akakata simu, akailaza kifudifudi.

"Mpaka hapa?" akasema. "Kwa kaka yangu ni yeye. Kwa mama ni yeye. Na hapa nako aje akae?"

"Ni kazi tu."

"Usinitulize. Nina wivu. Nikiliona jina lake linapanda, naufunga ukurasa. Umesikia? Nina wivu, na sijui niuweke wapi."

Nikamwambia anywe maji. Leo nikikumbuka naona aibu. Mtu amekufungulia moyo, nawe unamwagiza maji.

Ijumaa asubuhi alikuja ametulia. Kwa muda mrefu vigogo walikuwa wakilalamika kwamba wanagenzi wanapiga kura hovyo, na malalamiko hayo mimi mwenyewe niliyajibu kwa makumi. Basi Mizani akaandika kanuni mpya: kura ya mwanachama mwenye pointi chini ya hamsini ihesabiwe mbili badala ya kumi, na kura za zamani zote zihesabiwe upya. Meneja akasoma, akakubali. Kwenye karatasi ilikuwa haki tupu. Mimi nilijua imemlenga nani, nikanyamaza, na hilo nalo naliandika hapa.

Sasa, mtu wa kazi yetu hawashi kitu bila kukijaribu. Kanuni ya watu laki moja unaijaribu kwanza kwenye nakala ya tovuti, na juu yake unaandika mstari mmoja unaosema: fanya kwa akaunti namba fulani peke yake. Unatazama, unaridhika, unaufuta ule mstari, ndipo unawasha kwa wote. Kila mmoja wetu amefanya hivyo mara mia, na kila mmoja wetu ana siku aliyosahau kufuta. Mizani alihitaji namba ya kujaribia. Ya wifi yake hakuwa na haja ya kuitafuta, aliijua kwa kichwa.

Kwenye nakala, elfu kumi na tisa na ushee zikashuka hadi elfu sita na mia mbili. Baadaye alikiri kwangu kwamba jaribio hilo alilirudia mara saba. Halikuwa na kasoro. Alitaka tu kuzitazama zinavyoshuka. Na katika utamu huo, ule mstari akausahau. Saa tatu akaiwasha kanuni, akaweka tangazo kwamba inawahusu wanachama wote bila ubaguzi, akaenda kunywa chai.

Kufikia saa tano sikuwa na lalamiko hata moja. Hapo ndipo nilipoanza kuogopa. Pointi zimeshushwa, na hakuna anayelia? Kisha likaingia swali moja kwenye ukurasa wa msaada, unaosomwa na kila mtu. Wifi aliandika: "Pointi zangu zimeshuka kwa zaidi ya elfu kumi na tatu. Nimesoma tangazo kwamba ni kwa wote, lakini nimeangalia wenzangu ishirini na hakuna aliyeshuka. Inawezekana nimekosea mahali. Naomba nisaidiwe kulitafuta kosa."

Saa nane mchana akaja mwenyewe, anahema kwa ngazi.

"Wifi, samahani nimekuja kazini kwako bila taarifa." Akavuta kiti, akaketi ubavuni mwa Mizani. "Nisaidie. Maombi yanafungwa Jumatano. Kama kuna kanuni nimeivunja nionyeshe, nitaomba radhi."

"Hujavunja kitu. Ni kanuni ya wote," Mizani akasema. "Wengine bado tu hawajafikiwa."

Akaifungua ile programu amuonyeshe, na kwa hilo naapa: aliamini anachosema. Wifi akasoma taratibu, kidole kikifuata mistari kwenye kioo. Kwenye mstari wa tatu kikasimama.

"Hii namba ni yangu."

Mizani aliangalia. Nikaiona shingo yake inalowa jasho.

"Ni ya majaribio. Nilisahau kuifuta."

"Hata mimi husahau," Wifi akasema, kwa upole kabisa. "Lakini watu tuko laki moja. Mbona ulijaribia kwangu?"

Mimi tayari nilikuwa namtafutia uongo wa kumpa. Hakuungoja.

"Nilikuonea wivu. Nilitaka usifike."

Wifi akaitikia kwa kichwa polepole, kama mtu anayepokea maelekezo ya njia. Kisha akasema, "Liandike jibu hilo kwenye ukurasa wa msaada. Mimi nimeuliza mbele za watu. Na wewe nijibu mbele za watu."

Akaliandika. Alifuta mara tatu, ya nne akaliacha: kwamba muulizaji hana kosa, kosa ni la mshika pointi, na sababu yake ni wivu. Waliomsifu kwa ukweli walikuwa wachache, waliotaka afukuzwe walikuwa wengi, na wote nilipaswa kuwajibu mimi. Meneja akaifuta kanuni na kuzirudisha pointi saa ileile, akamnyang'anya Mizani funguo za mfumo. Jumapili Wifi akafika elfu ishirini. Mwezi uliofuata alikuwa ameketi kwenye meza inayotazamana na yangu, na Mizani amehamishiwa upande wangu, kwenye malalamiko.

Alimfundisha wifi yake kazi yote wiki mbili, hakumficha hata kona moja. Mimi nikadhani yamekwisha. Siku moja Wifi alipotoka kwenda benki, nikamwambia Mizani kwamba amebahatika, wengine wangepasua ukoo kwa jambo kama lile.

"Unajua aliniambia nini siku ile nilipomsindikiza kwenye ngazi?"

"Nini?"

"Aliniambia, 'Wifi, ungeniambia tu. Ningeacha kuomba.'"

"Basi ni mtu mwema. Mshukuru Mungu."

"Angeacha kweli," Mizani akasema. "Na mimi ningemwacha aache. Halafu Jumapili ningekaa naye kwa mama, tukala kana kwamba hakuna kilichotokea."