Waya Namba Kumi na Tisa

Mtaani kwetu binti yangu wanamwita Lebo, na hakuna anayemwita hivyo kwa dharau. Alianza akiwa darasa la nne, alipobandika karatasi za majina kwenye makopo yote ya jikoni kwangu, hata lile lisilo na kitu, ambalo aliliandikia "tupu". Baba yake alicheka mpaka akatokwa machozi. Marehemu alikuwa fundi umeme, na nyumba nyingi za mji huu zinawaka kwa kazi ya mkono wake. Mwaka mmoja kabla hajatutoka alimkabidhi Lebo koleo lake la kukatia nyaya. Kaka zake wawili walikuwepo na hakuna aliyenuna.

Aliporudi kutoka chuoni na cheti cha mitandao ya kompyuta, shangazi yake aliniuliza kama kutambaa chini ya meza za watu ni kazi ya msichana aliyesoma. Nilimjibu kwamba kaka yake, mume wangu, alitambaa juu ya dari za watu miaka thelathini, na dari hizo ndizo zilizomsomesha yeye mwenyewe. Hakuniuliza tena.

Kazi kubwa ya kwanza ya Lebo ilikuwa ofisi ya wakili mmoja, katika jengo ambalo mume wangu ndiye aliyelitia umeme. Wakili nilimfundisha hesabu akiwa mdogo, na bado ananiita Mwalimu. Alikuwa na kompyuta kumi na nne ambazo hazikujuana hata kidogo. Karani akitaka kuchapisha barua, aliibeba kwenye flashi, akapanda ngazi na kubisha hodi kwa Wakili, kwenye printa pekee ya ofisi.

Lebo hakukimbilia kutoboa kuta. Alikaa pale siku tatu akiangalia nani anampelekea nani nini. Kisha akachora kwenye karatasi ya miraba kila chumba, kila meza na njia ya kila waya. Ndani ya kabati chini ya ngazi akafunga swichi, kisanduku chenye matundu ishirini na manne ambamo nyaya zote hukutana. Kila kompyuta akaipa anwani yake. Printa akaipa anwani isiyobadilika, isije ikatafutwa kila asubuhi kama mpangaji anayekwepa kodi. Wateja wanaosubiri akawatengea mtandao wao wa pembeni, wapate intaneti bila kuyafikia mafaili.

"Mgeni anaishia sebuleni, Mama," aliniambia. "Chumbani haingii."

Na kila waya aliubandika namba, ncha zote mbili.

Wakili aliweka sharti lake wazi. Siku ya makabidhiano mtandao ufanye kazi tangu asubuhi hadi saa sita mchana bila kuyumba, naye Lebo atapewa pia kazi ya matawi mengine mawili ya ofisi. Ukiyumba, ataita kampuni kubwa iliyokwisha kumwandikia. Alinialika nishuhudie. Nilivaa vizuri, nikafika mapema.

Saa nne kasoro robo kila kitu kilikuwa sawa. Lebo alikuwa juu akiwaonyesha makarani jinsi ya kufungua faili moja kutoka meza mbili. Mimi nilikuwa chini, karibu na lile kabati lililokuwa wazi, na nikaona waya wa buluu unaning'inia. Ncha moja ilikuwa imechomekwa kwenye swichi, nyingine imeachwa hewani. Nikafikiria Wakili akishuka na kuukuta. Mume wangu hakuwahi kuacha waya unaning'inia kwenye nyumba ya mtu. Nikautafutia tundu tupu, nikauchomeka mpaka ukalia tik, nikarudi kukaa nimeridhika.

Haikupita dakika moja, juu kukaanza kelele.

"Faili limeganda."

"Langu pia. Na printa haionekani."

Karani mkuu, mzee mwenye miwani ya kamba, alishuka ngazi taratibu. "Mimi nimebeba mafaili kwa miguu miaka ishirini na sita," akasema, "na miguu haijawahi kukatika mtandao."

"Mzee, nipe dakika tano," Lebo akamjibu akimpita.

Alichuchumaa mbele ya swichi. Taa zote zilikuwa zinapepesa kwa pamoja, haraka haraka. Hakugusa kitu. Alifuata namba kwa kidole, moja baada ya nyingine, mpaka kidole kikasimama.

"Kumi na tisa," akasema. "Ncha zote mbili ziko hapa. Swichi inajitumia ujumbe yenyewe, mzunguko usioisha, na wengine hawapati nafasi."

Aliuchomoa. Taa zikatulia.

Wakili alikuwa amefika nyuma yetu. "Nani kafanya hivyo?"

Lebo aliniangalia mara moja, kisha akamgeukia. "Kosa liko upande wangu, Mheshimiwa. Swichi ina kinga ya jambo hili. Nilipanga kuiwasha baada ya mafunzo. Ilipaswa kuwashwa kwanza."

Angeishia hapo, na mimi ningetoka na heshima yangu nzima. Lakini matawi yangepotea kwa mkono wangu, huku jina la baba yake likibeba lawama.

"Nimeuchomeka mimi," nikasema. "Niliona unaning'inia."

Karani mkuu alivua miwani akaifuta. Wakili alikohoa. "Mwalimu mwenyewe?"

"Mwenyewe. Na hakuna aliyenituma."

Lebo alifungua kompyuta yake ya mkononi, akaandika kidogo kuiwasha ile kinga, kisha akanipa ile ncha ya buluu.

"Mama, chomeka tena."

"Umesema nini?"

"Palepale. Watu wakiwa kazini."

Nikauchomeka mbele yao wote. Kinga ikalifunga tundu lile, taa yake ikageuka rangi ya chungwa na kubaki hivyo. Nyingine ziliendelea kama kawaida. Karani mkuu alipanda juu, akatuma barua, tukaisikia printa ikifanya kazi.

Wakili alisimama pale hadi saa sita kamili, akiangalia saa na taa kwa zamu. Kisha akasema kwamba mtandao ulitikiswa, haukuyumba wenyewe, akamuuliza Lebo ataanza tawi la kwanza lini.

"Jumatatu," akasema. "Na Mama atabaki nyumbani."